Msimamizi wa Mkato

Jumapili hiyo mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kufuli, na kufuli lenyewe lilifungwa kwa nje.

Gundi alisimama uani na mfuko wake wa machungwa, akalitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Hakuwa amekosea. Nyumba hii aliijua tangu ikiwa msingi. Matofali yake mengine aliyabeba mwenyewe, miaka ile yeye na mwenye nyumba walipokuwa vijana wa kiwanda cha uchapaji, mmoja akifunga vitabu, mwingine akisahihisha makosa ya chapa. Yeye aliitwa Gundi kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Mwenzake aliitwa Mkato kwa sababu ukimpa ukurasa wowote, hata wa tangazo la msiba, angetafuta mpaka apate mahali pa kuchomeka mkato. Majina yakawaganda, hata wake zao wakayatumia. Wake hao hawakuwapo tena. Wa Gundi alifungasha vitu vyake akaondoka, wa Mkato alifariki bila kumwachia mtoto, na kila mmoja akabaki na mwenzake wa Jumapili.

"Mkato! Upo?"

Ndani kitanda kililia. Kisha sauti: "Basi. Basi, basi."

Tangu kiharusi kimpige, miezi minane sasa, hilo ndilo neno lililokuwa likimtoka bila shida. Mengine machache yalikuja yakiwa yamepotea njia. Akitaka maji alisema dirisha. Akitaka dirisha alisema shati. Akishasikia alichokitamka alifumba macho kwa hasira, na kwa hasira ile Gundi alijua kwamba rafiki yake yumo, mzima, ndani ya kichwa kile.

Mke wa mpwa wake Mkato, aliyehamia hapo na mumewe kumuuguza, alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Mbona mgonjwa amefungiwa?"

"Anatoka, Mzee. Juzi nimemkuta barabarani na shati tu, huku chini hana kitu, watu wanamcheka. Wewe ungefanyaje?"

"Ningetoka naye."

"Ndiyo maana nakwambia, wewe hujawahi kuendesha nyumba ya watu watano."

Alifungua kufuli, akarudi jikoni bila kuingia. Gundi alijua sababu alipovuta pumzi ya kwanza. Dirisha lilikuwa limefungwa, shuka limelowa, na juu ya kiti palikuwa na sahani ya chakula cha jana kilichokauka mpaka kikapasuka. Mkato aliketi ukingoni mwa kitanda, ndevu zimemjaa, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Miwani yake ilikuwa dirishani, kioo kimoja kina ufa, mguu mmoja haupo. Mtu aliyejipatia mkate wake kwa kusoma alikuwa akiutazama ukuta.

"Nani amekuvunjia miwani?"

"Basi," alisema Mkato, akageuza uso.

Gundi alipomgeuza ili amvue nguo iliyolowa, ndipo alipoona kidonda. Kilikuwa chini ya mgongo, kipana kama kiganja, kingo zake nyeusi. Akamsafisha kwa maji ya ndoo, akamfunika kwa shuka lililobaki, akatoka nje.

"Kile kidonda mmekipeleka wapi?"

"Tumekipaka mafuta," alijibu mwanamke, bila kuinua uso kwenye sufuria.

Mpwa alirudi saa kumi kutoka dukani alikouzia vipuri vya magari. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole wa sura, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimsikiliza Gundi mpaka mwisho, amesimama, funguo mkononi.

"Umemaliza, Mzee? Sasa nisikilize na mimi. Wewe unamletea Mjomba machungwa Jumapili. Jumatatu mpaka Jumamosi ni yetu. Pensheni yake haitoshi hata nepi. Siku ukitaka kubadilishana nami, niambie."

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake. Gundi alirudi kwenye chumba chake cha kupanga kwa miguu, na alipofika ndipo alipogundua kwamba bado ameshika mfuko wa machungwa.

Alianza na mwenyekiti wa mtaa, ambaye alimkaribisha kiti, akamsikiliza kwa heshima zote, akamwambia hayo ni mambo ya familia. Akaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alikuwa mmoja kwa kata nzima, naye alikuwa likizo. Mtu wa tatu aliyemwendea alikuwa wakili wa ofisi ya msaada wa kisheria, dada mwembamba mwenye mafua, aliyekuwa akipenga huku akiandika.

"Huyu mgonjwa," alisema, "wewe ni nani kwake?"

"Rafiki."

"Rafiki tu? Hamna undugu hata wa mbali? Hamkuoa dada wawili, hamkuchangia babu?"

"Tumechangia benchi miaka thelathini na moja."

Wakili alitabasamu kidogo, akaweka kalamu chini. "Mzee, nisikudanganye. Sheria ikisikia ndugu, inawapisha wapite mbele. Rafiki anasimama nyuma. Lakini mlango haujafungwa. Njia ni tatu. Ya kwanza, tunampelekea afisa ustawi malalamiko kwa maandishi, aende akaone kwa macho yake. Ya pili, mgonjwa mwenyewe akupe hati ya uwakilishi, ushughulikie matibabu na pensheni yake. Hiyo ni nyepesi, ila lazima aelewe anachokitia dole gumba. Ya tatu ni mahakamani. Tunamwomba hakimu akuteue msimamizi wake. Ni ndefu, na itakuchafua."

"Itanichafuaje?"

"Watasema unataka mali yake. Husemwa kila mara. Kuna nyumba?"

"Ipo."

"Basi watasema."

Gundi alitazama mikono yake. Kwa aibu ambayo hakuielewa, aliificha chini ya meza.

"Tuanze na hiyo nyepesi," alisema.

Kumtoa Mkato nyumbani hakukuwa kazi. Gundi alimwambia mke wa mpwa kwamba atampeleka hospitali yeye mwenyewe, kwa gharama yake, na mwanamke yule alishukuru kwa moyo wote. Alimtafutia hata shati safi. Kwa shukrani ile Gundi alijiona mwizi.

Daktari alikitazama kidonda, akapima, akaandika ukurasa mzima. Aliuliza nani anamlea. Gundi alipomjibu, aliandika na hilo. Wakili alikuja akawakuta kwenye benchi la nje ya chumba cha dawa. Alipiga magoti mbele ya Mkato ili macho yao yawe sawa, akamweleza polepole hati ni nini, inampa Gundi mamlaka gani, na kwamba anaweza kuifuta wakati wowote.

"Umenielewa, Baba? Unakubali?"

Mkato alimtazama, kisha akamtazama Gundi. Mdomo wake ukahangaika. "Shati," alisema. Akafumba macho. Akajaribu tena. "Basi! Basi, basi, basi," na mkono wa kushoto ukaisukuma karatasi ikaanguka chini.

"Hajakataa," Gundi alisema haraka. "Amekasirikia mdomo wake. Mimi namjua. Mpe wino, mimi nitamshika kidole."

Wakili aliiokota karatasi, akaikung'uta vumbi. "Mzee, hebu sikia ulichosema."

Gundi akakiachia kidole cha Mkato, alichokuwa ameshakishika.

"Siwezi kumtia mtu wino kwenye kidole kabla hajanionyesha kwamba ameelewa. Ndivyo wengi wanavyoibiwa, na wanaoibiwa hivyo huibiwa na watu wanaowapenda. Twende mahakamani."

Wito wa mahakama ulifika kwa mpwa siku ya Alhamisi. Jumapili Gundi alikuta geti limefungwa kwa ndani. Aligonga. Mpwa alifungua nafasi ya kupitisha uso.

"Ulimchukua ukasema unampeleka hospitali."

"Nilimpeleka hospitali."

"Ukanipeleka na mimi mahakamani. Nimesomewa mbele ya wateja wangu kwamba namuua mjomba wangu. Mke wangu alikushukuru, Mzee. Alikutafutia shati." Akashika geti kwa mikono miwili. "Usikanyage hapa tena."

Geti likafungwa.

Tarehe ya kusikilizwa ilikuwa baada ya wiki saba. Gundi hakuwahi kujua kwamba Jumapili ni siku ndefu kiasi kile. Alifua, akapiga pasi hata soksi, akakaa. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza na kiti kimoja; kile cha pili alikitoa zamani kwa sababu mgeni wake alikuwa mmoja, na mgeni huyo alipenda kukaa kitandani. Kiwandani, alikokuwa bado akifunga vitabu, wenzake walikwisha kupata habari. "Gundi anajenga," mmoja alisema akipanga karatasi, na wengine wakacheka. Alitamani mtu wa kumsimulia utani huo, na mtu pekee ambaye angeufurahia alikuwa nyuma ya geti.

Afisa ustawi alirudi kutoka likizo, akaenda, akaona, akaandika. Akaagiza muuguzi wa kata awe anapita kufunga kidonda. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini aliporudi mara ya pili kufuli lilikuwa limerudi mlangoni, na hakuwa na uwezo wa kulivunja.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana Gundi alitoka kiwandani na gazeti kwapani, akazunguka kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba ile, penye mfereji na maganda ya ndizi. Dirisha la chumba cha Mkato lilitazama huko, mbao zake zimefungwa. Akasimama chini yake. Akajikohoza.

"Mkato. Ni mimi."

Kimya.

"Timu yetu imefungwa tena. Bao la kichwa, beki amesimama anatazama kama amelipa kiingilio."

Kisha ndani, polepole: "Basi." Safari hii halikuwa la hasira. Lilikuwa lile la mtu anayesema, nilijua tu.

Gundi akafungua gazeti, akasoma habari yote, kisha bei za mazao, kisha barua za wasomaji. Kesho yake alirudi. Mwanamke wa nyumba ya jirani, akimwaga maji, alisimama akamwangalia.

"Mzee, unaongea na ukuta?"

"Ukuta huu unasikia, mama," alijibu, akafungua ukurasa wa michezo. Alikuwa akirudi kazini bila kula, na kwa wiki zile saba mkanda wa suruali yake uliongezwa tundu moja.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, chenye feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyomshuka puani. Mkato aliletwa na teksi, amenyolewa, amevaa suti yake ya kustaafu ambayo sasa ilimpwaya. Alipomwona Gundi alinyanyua mkono wa kushoto, na mke wa mpwa akaushusha kwa upole, kama anavyomtuliza mtoto kanisani.

Mpwa alisimama kwanza.

"Mheshimiwa, huyu si ndugu. Ni mtu wa kazini kwake. Mjomba mwenyewe alipokuwa mzima aliwahi kusema mbele za watu, siku nikifa nyumba hii mpeni Gundi. Sasa Gundi ameona kungoja ni mbali."

Hakimu alimgeukia Gundi. "Ni kweli aliyasema hayo?"

Angeweza kusema ulikuwa mzaha. "Ni kweli, Mheshimiwa. Na si mara moja."

Pembeni yake wakili alifumba macho.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia kwanza apake rangi mabati."

Watu walicheka, karani akawanyamazisha. Hakimu hakucheka. "Unaitaka hiyo nyumba?"

Gundi alikuwa na miaka sitini na minne. Hakuwa na kiwanja, hakuwa na mtoto, na nyakati nyingine, akiwa kitandani, aliwahi kukiwaza chumba cha mbele cha nyumba ile, penye dirisha la mashariki, akajiona humo mzee kabisa. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Andika kwamba siitaki," alisema. "Hata akiwa ameacha karatasi yenye jina langu, andika kwamba nimeikataa leo, mbele yako. Siku akifa natoka na begi langu."

"Mzee," wakili alinong'ona, "hakuna aliyekuomba hilo."

"Najua."

Kalamu ya karani ilisikika ikikwaruza. Hakimu alingoja imalize, kisha akamrudia mpwa.

"Kufuli la mlango lilinunuliwa na nani?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Miwani yake ilivunjika lini?"

Mpwa alitazama chini. "Wiki hiyo hiyo."

Hakimu aliandika, akisoma kwa sauti: kufuli limenunuliwa, miwani bado. Maneno hayo yalimvua mpwa nguo mbele ya kadamnasi. Kisha akainua kichwa, na maneno aliyofundishwa kusema yakampotea yote, yakabaki yake mwenyewe.

"Mheshimiwa, Mjomba alipougua ndugu walikaa kikao. Walikuwa kumi na wanne. Wakasema wewe una mke, wewe ndiye unayekaa karibu, hamia kwake. Wakapanda magari yao. Mke wangu alikuwa na meza yake ya nguo sokoni, ameiacha. Tangu siku ile hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza, yu hai? Huyu mzee ndiye pekee aliyekuja. Nami nilimchukia kwa sababu alikuwa anakuja, halafu anaondoka."

Mkewe alikuwa akilia bila sauti. Gundi aliyatazama mabega ya mwanamke yule yakitikisika, akahisi ushindi wowote atakaoupata leo utakuwa na ladha ya chuma mdomoni.

Hakimu aliagiza watu wote watoke, akabaki na Mkato, daktari na karani. Gundi na mpwa walijikuta kwenye benchi moja ukumbini, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Walikaa hivyo dakika arobaini. Mara moja mpwa alitoa leso, akaona Gundi anatokwa na jasho, akasita, kisha akairudisha mfukoni.

Walipoitwa ndani, hakimu alikuwa amevua miwani.

"Nimemuuliza kama yeye ni mwanamke. Amenitazama kwa dharau ambayo sijaiona kwa wakili yeyote. Nimemuuliza kama leo ni Jumapili, ametikisa kichwa kukataa. Nimemwomba anionyeshe mlango, ameuonyesha. Mtu huyu anaelewa, alimradi usimwombe maneno. Nimemtajia majina, moja baada ya jingine, nani ashike matibabu yake na pensheni yake. Kwa jina la mwombaji ameniminya mkono mpaka nikaumia."

Gundi alishika ukingo wa meza.

"Kisha nimemuuliza kama anataka mpwa wake na familia yake wahame. Amekataa. Nimeuliza kwa njia tatu, na ya tatu amepiga meza. Kwa hiyo hawatahama."

Amri ilisomwa. Gundi ni msimamizi wa matunzo, matibabu na pensheni, atatoa taarifa mahakamani kila miezi mitatu. Afisa ustawi atatembelea kila mwezi. Mlango wa mgonjwa usifungwe kwa nje tena. Nyumba isiuzwe wala kuhamishwa jina. Mpwa na familia yake wabaki, wasimzuie msimamizi kuingia na kuishi.

Nje, kwenye ngazi, mpwa alimngoja.

"Haya, Mzee," alisema, kama mtu anayelipa faini. "Karibu kwetu."

Gundi alirudisha ufunguo wa chumba alichopanga miaka ishirini na miwili. Mwenye nyumba alikuwa ameshapata mpangaji kabla ya alasiri. Meneja wa kiwanda alikubali achukue kazi ya kushona daftari akiwa nyumbani, kwa malipo ya kila moja, na hivyo pembe ya chumba cha Mkato ikawa na sindano, nyuzi na mafurushi ya karatasi. Gundi alilala kwenye godoro sakafuni, kati ya kitanda na karatasi.

Kidonda kilianza kujifunga. Dirisha lilikaa wazi. Miwani mipya ilinunuliwa, na siku ilipofika Gundi alimwekea Mkato gazeti mapajani, akamvalisha, akakaa kumtazama kama mtoto angojeaye kusifiwa. Mkato alipitisha macho juu ya mstari wa kwanza. Akarudi mwanzo. Akarudi tena. Herufi alikuwa akiziona, ilikuwa dhahiri, ila zilikataa kushikana. Akaligeuza gazeti kifudifudi, akavua miwani kwa mkono mmoja, akaiweka juu yake. Gundi hakuleta gazeti tena.

Kitu kingine hakuna aliyekuwa amemwonya, si wakili, si hakimu. Asubuhi ya pili alipomvua Mkato nguo kumwogesha, Mkato aliishika koki ya bomba kwa mkono wake mzima, akasema, wazi kabisa, neno ambalo halikupotea njia:

"Sitaki."

"Mkato, ni mimi."

"Sitaki."

Ni mimi. Ndiyo sababu hataki, Gundi aliwaza. Mke wa mpwa alikuwa mtu wa kumfanyia kazi hizo. Muuguzi alikuwa muuguzi. Gundi alikuwa mtu wa kubishana naye. Gundi alitoka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya mlango wa bafu, mpaka maji yakapoa. Kisha ndani kikasikika kiganja kikigonga ukuta mara moja, taratibu. Akaingia, akamwogesha. Wote wawili walitazama pembeni.

Ikawa hivyo siku zote. Mkato alikubali dawa, akakubali mazoezi ya mkono, lakini Gundi alipotoa benki kitambulisho chake cha msimamizi, na karani akamwambia "weka sahihi hapa, kwa niaba yake," Mkato aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alitazama barabarani. Hapo zamani wangetoka pale wakimcheka karani. Sasa walitoka kimya, mmoja akimsukuma mwingine.

Na nyumba ilimwekea mipaka. Sabuni yake ilihamishwa kutoka rafuni ikawekwa dirishani. Sufuria aliyoiazima ilioshwa mara ya pili baada ya yeye kuiosha. Mke wa mpwa alimwamkia kila asubuhi, kwa sababu adabu ni adabu, kisha hakumwambia lolote mpaka asubuhi nyingine. Mtaani walisema mzee amemla mwenzake angali hai. Gundi aliyasikia hayo akiwa kwenye foleni ya mkate, hakugeuka. Mchana, akishona, nyumba ikiwa imejaa watu, alikuwa mpweke kuliko alivyowahi kuwa katika chumba chake cha kiti kimoja.

Jumapili moja, mwezi wa tatu tangu Gundi ahamie, mpwa aliiingiza televisheni ya sebuleni kwenye chumba cha Mkato. Hakuomba ruhusa wala hakueleza. Aliiweka juu ya mafurushi ya daftari, akawaita wanawe watatu, wakapanda kitandani kwa babu yao, mmoja miguuni, wawili ubavuni. Mechi ilikuwa inaanza. Gundi alikuwa amebeba mashuka ya jana. Alisimama mlangoni, akaona hapana nafasi ya kukaa, akaenda zake uani.

Alikuwa kwenye beseni, mikono ndani ya povu, bao lilipofungwa. Sauti za watoto zilipasua hewa. Katikati yao ikapanda sauti nyingine, nzito, isiyo na neno ndani yake, ikicheka. Ilicheka, ikakohoa, ikacheka tena. Gundi aliacha kufua. Hakuwa ameisikia tangu kabla ya kiharusi. Alijua sasa kitu ambacho Mkato alikuwa akimwambia hakimu alipopiga meza, na alijua kwamba alikuwa amefanikiwa, na kwamba kufanikiwa kwenyewe kulikuwa ndani, na yeye alikuwa nje.

Alisuuza shuka, akalinyanyua. Lilikuwa la kitanda kikubwa, zito kwa maji. Alilikamua upande mmoja, upande mwingine ukaburuta chini. Akaukamata huo, ule wa kwanza ukaponyoka. Mabega yalimuuma. Akajaribu kulibana kwa magoti.

Mke wa mpwa alikuwa mlangoni mwa jikoni, amekunja mikono. Gundi hakujua amesimama pale tangu lini. Alikuja uani, akainama, akaokota ncha iliyokuwa chini, akaisuuza udongo kwenye beseni. Akarudi nyuma hatua nne mpaka shuka likanyooka kati yao.

"Zungusha kulia," alisema. "Mimi kushoto."

Wakazungusha. Maji yakamwagika kwa kishindo, yakawalowesha miguu.

"Kaza, Mzee."

"Nimekaza."

"Bado. Kaza."